Nani Ametufungisha?

Hotuba kwa makocha, waamuzi na wachezaji wa mpira wa kikapu, Moshi

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, waamuzi, wachezaji, na ninyi mashabiki mliokubali kuingia ukumbini asubuhi ambayo Kibo kimefunguka chote bila wingu: walionizidi umri, shikamooni, vijana, zenu nimezipokea mlangoni.

Nimeombwa nizungumze juu ya lawama, hasa ile inayogawiwa baada ya timu ya kulipwa kutolewa katika mchujo. Nimekubali kwa sababu nimefundisha hisabati sekondari kwa miaka 31 na mpira wa kikapu kwa miaka 26, na katika kazi zote mbili kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni la kugawanya.

Mchezo wa NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa ya Marekani, ukianza saa mbili usiku upande wa mashariki ya Marekani wakati wa mchujo, huku kwetu ni saa tisa usiku. Kijana anakesha na simu chini ya blanketi, bando likimwishia robo ya nne, na saa mbili asubuhi anafika kijiweni kwenye kahawa akiwa na macho mekundu na jina la mkosaji. Wenzake ambao hawakuutazama mchezo huo wanalipokea jina hilo kama lilivyo. Ifikapo adhuhuri, mtu wa Milwaukee au Houston ameshahukumiwa hapa Moshi, na kesi imefungwa.

Neno linalotumika katika hukumu hiyo ni moja: ametufungisha. Naomba mlitazame vizuri. Tukishinda tunasema tumeshinda, kwa wingi, na hata aliyekuwa anauza maji nje ya uwanja amo ndani ya wingi huo. Tukipoteza, kitenzi kinageuka. Fulani ametufungisha, yeye mmoja, na sisi wengine tumekuwa watendewa. Ninalolisema leo ni kwamba mara nyingi mtu huyo mmoja hatukumpata kwa hesabu. Tumempata kwa sababu ndiye aliyekuwa na mpira mkononi wakati sote tumemkodolea macho.

Nianze na kesi yangu mwenyewe, maana nisipoitaja mimi, wapo humu ndani watakaoitaja.

Miaka mingi iliyopita timu niliyokuwa nikiifundisha ilifika nusu fainali ya mashindano ya mkoa. Uwanja ulikuwa wa saruji, ringi haina wavu, na jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa Meru. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, 51 kwa 52, zimebaki sekunde nne, na kijana wetu wa kidato cha tano akachezewa faulo akiwa hewani. Mitupo huru miwili, ile ya pointi moja moja ambayo mtu hutupa bila kuzuiwa. Wa kwanza uligonga nyuma ya ringi ukatoka. Wa pili haukufika hata kwenye ringi. Filimbi ya mwisho ilipolia nilimwendea, na mbele ya wachezaji wenzake, mbele ya wapinzani, mbele ya watu waliokuwa wamepanda juu ya ukuta, nikamwambia, "Umetufungisha." Akajibu, "Samahani, mwalimu." Akakaa chini, akavua viatu alivyonunua mitumba pale Memorial, vilivyomzidi saizi moja na vilivyokuwa na gazeti lililokunjwa kwenye ncha, akafunga kamba zake pamoja, akavitundika begani, akaondoka peku.

Hakuja mazoezini wiki ile wala iliyofuata. Katika wiki ya tatu, katibu wa timu aliniletea nakala ya karatasi ya meza, ile inayoandikwa kumbukumbu zote za mchezo, nami nikaisahihisha kama ninavyosahihisha daftari la mwanafunzi, kwa kalamu nyekundu. Tulikuwa tumepata mitupo huru 21 na kufunga 8. Kijana yule peke yake alifunga 4 kati ya 7, ukihesabu na ile miwili ya mwisho. Wenzake wote kwa pamoja walifunga 4 kati ya 14. Kwa maneno mengine, niliyemwambia ametufungisha ndiye aliyekuwa mtupaji wetu bora wa siku ile. Nikaendelea kusoma. Alikuwa amecheza dakika zote 40 bila kupumzika hata moja, na aliyeweza kumpokea alikaa benchi akiwa hana faulo hata moja. Katika robo ya pili wapinzani walifunga pointi 11 mfululizo, nami nikiwa na taimauti mbili mfukoni, yale mapumziko mafupi ambayo kocha huomba, ambazo sikuziita. Na kama mjuavyo, taimauti za nusu ya kwanza hazihamii nusu ya pili. Tatu za nusu ya pili nilizimaliza mapema, moja kati yake kwa ajili ya kupoza hasira yangu mwenyewe dhidi ya mwamuzi. Kwa hiyo kijana alipofika kwenye mstari akiwa anatetemeka mapaja, hapakuwa na namna ya kumpa hata nusu dakika ya kuvuta pumzi.

Nilikwenda kwao. Mama yake alikuwa barazani akimenya ndizi za mtori. Alinipa kigoda, akaendelea kumenya. Tulikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, siku ile mtoto hakula. Nikamuuliza, baba, mmefungwa na nani? Akaniambia, na mimi, mama."

Tangu siku hiyo sijawahi kutazama mchezo wa mwisho wa timu yoyote, ya hapa au ya Marekani, bila kutafuta karatasi yake.

Chukueni ya Juni 1995. Katika mchezo wa kwanza wa fainali ya NBA, Orlando Magic walikuwa mbele ya Houston Rockets kwa 110 dhidi ya 107, zimebaki takribani sekunde kumi. Nick Anderson wa Orlando alipewa mitupo huru miwili, na mmoja tu ungetosha kuufanya mchezo uwe kama umekwisha. Alikosa yote miwili. Mpira uliporudi, akauwahi yeye mwenyewe, akachezewa faulo tena, akapewa mingine miwili, akakosa na hiyo. Kenny Smith wa Houston akafunga mtupo wa pointi tatu uliosawazisha, mchezo ukaingia dakika za nyongeza, na Hakeem Olajuwon, mwenzake, mzaliwa wa Nigeria, akausukumia kapuni mpira uliokuwa umekosewa na mchezaji mwingine wa Houston. Houston 120, Orlando 118. Mfululizo wa fainali, unaokwenda kwa atakayetangulia kushinda michezo minne, ukaisha kwa minne bila, na watu wengi wanaoikumbuka fainali ile wanamkumbuka Anderson kwenye mstari.

Sasa fungueni karatasi. Orlando walikuwa wameongoza kwa pointi 20 katika robo ya pili. Pointi 20 hazipotei kwenye mstari wa mitupo huru. Zinapotea kidogo kidogo, kwa mikono ya watu wengi. Kisha, Kenny Smith alitupa ule wa kusawazisha mbele ya mlinzi, na siku ile alikuwa ameshafunga mitupo mingine kadhaa ya pointi tatu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai kwamba alishtukizwa. Tena michezo ilikuwa minne. Mitupo minne ya siku ya kwanza haiwezi kufungisha siku ya pili, ya tatu na ya nne, isipokuwa tuamini kwamba wachezaji wengine wote wa Orlando walikwenda Houston kutalii.

Kilichompata Anderson baadaye ndicho kinachonikosesha raha. Kabla ya fainali ile alikuwa akifunga mitupo huru kama 70 katika kila 100. Msimu wa 1996/97 alishuka mpaka 40. Mkono ni ule ule, mstari ule ule, ringi ina urefu ule ule. Wazee wetu walisema mkamia maji hayanywi, na ninadhani mtu aliyewahi kuambiwa na nchi nzima kwamba amewakosesha ubingwa hawezi tena kuyaendea maji yale bila kuyakamia. Sisi makocha tunaamini kwamba lawama inamwamsha mchezaji. Wako inaowaamsha, sikatai. Lakini lawama isiyo na uwiano na kosa humkalia mtu mkononi, na safari nyingine akifika mstarini wanatupa wawili, yeye na lile neno.

Hapo ndipo wengine hurukia upande wa pili na kusema basi asilaumiwe mtu. Aprili 2023, Milwaukee Bucks, waliokuwa wameshinda michezo 58 na kushika nafasi ya kwanza katika NBA nzima, walitolewa raundi ya kwanza na Miami Heat walioingia kama timu ya nane ya upande wao, michezo minne kwa mmoja. Mwandishi alimuuliza Giannis Antetokounmpo, nyota wa Milwaukee, kama msimu ule ulikuwa wa kushindwa. Giannis akajibu kwamba katika michezo hakuna kushindwa kwa namna hiyo, akatoa mfano wa Michael Jordan aliyecheza misimu 15 na kutwaa ubingwa mara 6: je, ile mingine 9 ilikuwa ya kushindwa? Dunia nzima ilimpigia makofi, na mimi pia nilimpenda kwa jibu lile, kwa sababu lilikuwa la mtu mzima aliyetoka kupoteza dakika chache tu kabla. Hata hivyo sikubaliani nalo lote. Kama hakuna kosa, hakuna cha kurekebisha, na mazoezi ya Jumatatu tunayafanya kwa ajili gani?

Katika mchezo ule wa tano Milwaukee waliingia robo ya nne wakiwa mbele kwa pointi 16. Walifungwa katika dakika za nyongeza, 128 kwa 126. Giannis alikosa mitupo huru 13 kati ya 23. Alikuwa ameumia mgongo katika mchezo wa kwanza na kukosa miwili iliyofuata. Kocha wake, Mike Budenholzer, alikuwa na taimauti mkononi mwishoni mwa muda wa kawaida na mwishoni mwa nyongeza, asiziite, na timu ikamaliza bila hata kutupa mtupo wa maana. Upande wa pili alikuwepo Jimmy Butler, ambaye katika mchezo wa nne alifunga pointi 56. Mtu kama huyo naye ana sehemu yake katika hesabu, maana tunapotafuta aliyetufungisha tunasahau mara nyingi kwamba kuna aliyetufunga. Budenholzer alifukuzwa siku chache baadaye, miaka miwili tu baada ya kuwapa ubingwa wa 2021. Kisha ikaripotiwa kwamba kabla ya mchezo wa nne alikuwa amefiwa na ndugu yake katika ajali ya gari.

Kufiwa hakumfutii kosa la taimauti. Nami nisingetaka wachezaji wangu wafundishwe kwamba msiba unabadilisha alama za ubaoni. Lakini sisi tuliokuwa tukimhukumu saa kumi na mbili alfajiri, tukisema amelala, amechoka, hajali, tulikuwa tunasoma moyo wa mtu kupitia kioo cha simu. Taimauti tuliiona, na hiyo tulikuwa na haki ya kuihesabu. Kutojali kwake hatukukuona, tulikubuni wenyewe.

Lipo jambo la bahati, na watu wa mpira hawapendi kulisikia. Mwaka 2018 Houston Rockets, timu iliyoshinda michezo 65, ilifika mchezo wa saba wa fainali ya upande wa magharibi dhidi ya Golden State Warriors. Houston walikuwa mbele kwa pointi 11 wakati wa mapumziko. Kisha wakakosa mitupo ya pointi tatu 27 mfululizo. Ishirini na saba! Walimaliza wakiwa na 7 kati ya 44, wakafungwa 101 kwa 92. Trevor Ariza alitupa mara 12 uwanjani asipate hata moja, na James Harden alipata 2 kati ya 13 za mbali. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza uwezekano wa jambo hilo ni kiasi gani. Tukafanya pamoja ubaoni: ukichukua timu inayofunga mmoja katika kila mitupo mitatu, mitupo 27 maalumu kukosekana yote hutokea kama mara moja katika 57,000. Yule kijana akasema, basi mwalimu, ni mkosi tu. Nikamwambia hesabu yetu inadhani kwamba kila mtupo haujui habari za uliotangulia, na hilo kwa sarafu ni kweli, ila miguu ya binadamu inajua. Chris Paul alikuwa ameumia msuli wa nyuma ya paja mwishoni mwa mchezo wa tano, Houston wakiwa wanaelekea kuongoza mfululizo kwa michezo mitatu kwa miwili, na michezo miwili ya mwisho ilichezwa bila yeye. Kazi yake ikaangukia miguu iliyokuwa imeshachoka. Kwa hiyo upo mkosi, na upo uchovu, na upo uamuzi wa timu nzima wa kuendelea kutupa mbali wakati mpira unakataa. Ukiniuliza kila kimoja kina asilimia ngapi, sitakupa namba, kwa sababu ningekuwa naitunga.

Kuhusu waamuzi nitasema kidogo, kwa kuwa wapo hapa na wamekuja na filimbi zao. Tangu 2015 NBA hutoa taarifa ya wazi inayokagua maamuzi ya dakika mbili za mwisho katika michezo iliyokuwa na tofauti ndogo ya pointi. Ni jambo jema. Lakini hata wao, pamoja na kamera zote walizonazo, wamechagua dakika mbili za mwisho kati ya 48, kana kwamba faulo ya robo ya kwanza ilitoa pointi za bei nafuu.

Na makocha? Timu ya NBA ina wachezaji 15 wenye mikataba ambayo kwa kawaida hulipwa hata mtu akiachwa, na kocha ni mmoja. Mwenye timu anayetaka kuonekana amefanya kitu hahitaji kufikiri sana. Frank Vogel alitwaa ubingwa wa 2020 na Lakers, akaondolewa 2022. Nick Nurse alitwaa wa 2019 na Toronto, akaondolewa 2023, mwaka ule ule wa Budenholzer. Michael Malone alitwaa wa 2023 na Denver, akaondolewa Aprili 2025, msimu wa kawaida ukiwa umebakiza michezo mitatu. Sidai kwamba wote walionewa. Nasema tu kwamba kama watu wanne waliojua njia ya kufika kileleni wote wamefukuzwa ndani ya miaka mitatu, basi huenda kufukuza kocha ni desturi kuliko uchunguzi.

Mtaniambia Toronto ilifanikiwa. Ni kweli. Mei 2018 walimwondoa kocha Dwane Casey baada ya kufungwa minne bila na Cleveland ya LeBron James, ingawa alikuwa ameshinda michezo 59. Mwezi uliofuata NBA ikampa tuzo ya kocha bora wa mwaka akiwa ameshaajiriwa na timu nyingine, Detroit. Mwaka mmoja baadaye Toronto ni mabingwa. Hata hivyo, katika kiangazi kile kile Masai Ujiri, rais wa Toronto wakati huo, ambaye mama yake ni Mkenya, alimtoa mchezaji DeMar DeRozan na kumleta Kawhi Leonard, na LeBron, aliyekuwa amewatoa Toronto miaka mitatu mfululizo, akahamia Los Angeles upande wa magharibi. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanajua kwamba huwezi kupata thamani ya herufi tatu kwa mlinganyo mmoja. Anayesema ubingwa ule ulithibitisha kosa la Casey ameandika jibu bila kuonyesha njia, na mimi kwa kazi kama hiyo sitoi alama.

Wapo wasioonekana kabisa katika karatasi ya meza, nao ni wale wanaochagua. Sisi Watanzania tunalijua hili kupitia kwa ndugu yetu Hasheem Thabeet. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA wa mwaka 2009, Memphis walimchukua akiwa wa pili, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba, na kwa miaka mingi jina lake limetajwa kwa kejeli kila orodha ile inapokumbukwa. Thabeet hakujichagua. Alisimama na urefu wake wa futi saba na inchi tatu, akaitwa, akaenda, kama ambavyo yeyote humu ndani angekwenda. Waliomchagua walikuwa tayari na Marc Gasol katika nafasi ile ile. Kosa la hesabu la ofisi likabebwa na mgongo wa mchezaji, na hata sisi kwetu, vijiweni, tulimcheka badala ya kuuliza nani alishika kalamu.

Kwa hiyo mimi ninapokaa na karatasi, natafuta kalamu kwanza. Nani alikuwa na la kuamua, aliamua lini, na wakati huo alikuwa anajua nini? Naanza robo ya kwanza naja mbele, kwa sababu anayeanzia mwisho akirudi nyuma huchoka akifika robo ya nne, na hapo ndipo alipo yule kijana mwenye viatu begani. Mwenye mamlaka makubwa namfikia mapema zaidi. Mchezaji aliyekosa mtupo namhesabia mtupo wake, wote, bila kumsamehe hata mmoja. Lakini namhesabia wake tu.

Kijana yule alirudi mazoezini wiki ya tano. Sikutoa hotuba. Niliwaambia wachezaji wote wakimbie urefu wa uwanja mara sita kisha kila mmoja atupe miwili, na nikakimbia nao, nikakosa yote miwili, wakacheka. Yeye alipata mmoja.

Mezani hapo mbele kuna nakala za karatasi ya mchezo uliochezwa Jumapili iliyopita, ule ambao baadhi yenu mmekuja leo mkiwa mmenuniana kwa sababu yake. Kocha aliyeuongoza yupo, na ameniruhusu. Majina nimeyafuta, nimeacha namba za jezi. Chukueni kalamu, mkae wawili wawili, mshabiki akae na mwamuzi tafadhali, na tuanzie dakika ya kwanza.